Regulata ya kuaminika: pistoni iliyotumika au ya kiwambo iliyo mpya?

mgeni_wa_kina

Wakuu, habari za muda huu. Nataka kununua regulata yangu (kifaa cha kuvutia hewa ya mtungi chini ya maji) niachane na za kuazima, ila kila ninayemuuliza ananitajia jina la kampuni tu, sababu hatoi. Matumizi yangu ni mita 18 hadi 30, maji ya joto kwa sehemu kubwa (nyuzi 24 hadi 28), na mara chache kwa mwaka nazamia ziwani ambako chini kunafika nyuzi 7. Natumia hewa ya kawaida na nitroksi 32 (hewa yenye oksijeni asilimia 32). Mitungi ninayokutana nayo imechanganyika, mingine ni ya DIN (regulata inaingia kwa skrubu ndani ya vali), mingine ya klampu (inabanwa kwa nje).

Nimebakiza tatu (pistoni au kiwambo ni kile kinachosogea ndani kufungua na kufunga hewa):

1. Pistoni iliyosawazishwa, ya klampu, imetumika. Muuzaji anasema ina miaka 3 haijaguswa maji.
2. Ya kiwambo (diaframu), mpya, imezibwa, ya DIN. Brosha yake inajisifia lita 4,000 kwa dakika.
3. Pistoni isiyosawazishwa, mpya. Ndiyo rahisi kuliko zote.

Ninachoogopa ni kuvuta pumzi nikiwa mita 30 nikakuta hakuna kitu. Ipi haitaniangusha, na nawezaje kupima mwenyewe badala ya kuamini maneno ya muuzaji?

---

fundi_vali

Mkuu, tuanze na hiyo hofu, kwa sababu ukielewa regulata inavyoharibika utachagua vizuri zaidi.

Hatua ya kwanza (ile inayofungwa mtungini) inashusha presha ya mtungi, tuseme bar 200, hadi bar 9 au 10 hivi juu ya presha ya maji yaliyokuzunguka. Hiyo tunaiita presha ya kati. Hatua ya pili, iliyo mdomoni, inamalizia kuishusha hadi ilingane na maji. Sasa, karibu regulata zote vali ya hatua ya pili inafunguka kufuata njia ya hewa, na kinachoifunga ni springi ndogo tu. Hatua ya kwanza ikiharibika na presha ya kati ikapanda, hewa inaishinda ile springi na kuanza kumwagika mdomoni. Yaani ikiharibika inakupa hewa nyingi kupita kiasi, haikunyimi. Hatari iliyopo ni mtungi kuisha ndani ya dakika chache, na hilo ni tatizo la kweli, lakini bado unapumua huku unapanda. (Zipo chache zilizoundwa tofauti, mfano Poseidon Xstream yenye vali ya servo. Hizo huhitaji vali ya usalama ya kuachia presha, kwa sababu hatua yao ya pili haijifungui yenyewe presha ikizidi.)

Hewa kukatika kabisa kwa kawaida huletwa na mambo manne: mtungi umeisha, vali ya mtungi imefunguliwa nusu, chujio la mlangoni limeziba, au utando wa ndani wa hosi umebanduka. Hakuna hata moja kati ya hayo linalotibiwa kwa kununua regulata ya bei kubwa. La pili na la tatu unayabaini juu kabisa kabla ya kuruka: vuta pumzi nne nzito ukiikodolea macho geji ya mtungi. Sindano inatakiwa isimame kimya. Ikishuka kila unapovuta na kurudi unapoacha, hewa inabanwa mahali. Kwanza angalia kama vali ya mtungi imefunguka yote. Kama imefunguka na sindano bado inacheza, hiyo regulata usishuke nayo.

Sasa hizo tatu zako.

Pistoni isiyosawazishwa (mfano unaojulikana ni Scubapro MK2) ina kipande kimoja tu kinachosogea, na hakuna oringi (pete ya mpira ya kuzibia) inayosogea ikiwa chini ya presha ya mtungi. Ndiyo maana inadumu na fundi anaimaliza upesi. Ubaya wake ni kwamba presha ya mtungi inasaidia kusukuma vali ifunguke, kwa hiyo mtungi ukishuka kutoka bar 200 hadi 50, presha ya kati nayo inashuka, bar moja na zaidi. Ukiwa mita 12 hutagundua. Ukiwa mita 30 na mwenzio ameshika oktopasi yako (hatua ya pili ya ziada, ya kumpa mwenzako) na mtungi una bar 60, mtagundua wote wawili.

Zile zilizosawazishwa, iwe pistoni au kiwambo, hazina tatizo hilo. Presha ya kati inabaki pale pale mtungi ukijaa au ukikaribia kuisha. Kwa mita 30 kwenda chini ningeanzia hapo, na namba 3 ningeiacha kwa wanaozamia kina kifupi au kama regulata ya mtungi wa akiba.

Lita 4,000 isahau. Kiwango cha Ulaya EN 250 kinapima kwa mashine inayopumua lita 62.5 kwa dakika kwenye presha ya mita 50, yaani bar 6. Zidisha: lita 375 kwa dakika zikipimwa juu. Watu wawili wanaohema vile ni 750. Regulata yoyote nzima inavuka hapo. Cha kuangalia ni kazi ya kupumua (nishati unayotumia kuvuta na kutoa pumzi), ambayo kiwango kinataka isizidi jouli 3 kwa lita. Brosha nyingi zinaificha namba hiyo na kuweka ile ya lita elfu nne kwa herufi kubwa.

Swali langu kwako kabla ya yote: fundi unayeweza kumfikia ana vipuri na mafunzo ya kampuni ipi? Regulata nzuri kuliko zote duniani ikikosa oringi moja ya ukubwa wake na kiti chake cha vali (kipande kinachoziba vali ikifunga) inageuka pambo la ukutani.

---

kiwambo_kizima

Naunga mkono kwa sehemu. Ila fundi umeruka lile ziwa, na kwangu lile ziwa ndilo linaloamua.

Nyuzi 7 ni maji ya baridi kwa kipimo cha EN 250. Mpaka uko kwenye nyuzi 10. Regulata ambayo haikupita jaribio la baridi (hufanywa kwenye nyuzi 4 au chini yake) huwa na alama ya ">10 °C" kwenye mwili wake. Igeuze uitafute. Ukiiona, ziwani usiende nayo, hata kama muuzaji anaapa.

Sababu yenyewe: hewa ikitoka bar 200 hadi bar 10 inatanuka na kupoa mno, chuma cha hatua ya kwanza kinashuka chini ya sifuri hata kama maji ni nyuzi 7. Kwenye pistoni ya kawaida springi kuu na shina la pistoni vinaoga kwenye maji yale yale. Barafu ikijijenga kati ya mizunguko ya springi, pistoni inagoma kufunga, presha ya kati inapanda, na hatua ya pili inaanza kumwaga hewa. Hewa inayomwagika inapoza zaidi, barafu inaongezeka. Ukishaanza mzunguko huo haujizimi wenyewe. Na maji ya ziwa ni mabaya kuliko ya bahari kwa jambo hili, maana maji baridi yasiyo na chumvi yanaganda kwenye sifuri, ya bahari yanasubiri hadi karibu nyuzi 2 chini ya sifuri.

Ya kiwambo iliyozibwa ina kiwambo cha pili upande wa nje, na kati yao kuna kipande kinachopeleka presha ya maji ndani. Maji, chumvi, mchanga, vyote vinabaki nje. Kwa hiyo namba 2 inakufaa ziwani, na baharini nayo inakupunguzia kutu. Bei ya hilo ni vipande vingi zaidi ndani, na fundi mzembe ana sehemu nyingi zaidi za kukosea.

Kuzibwa hatua ya kwanza hakutoshi lakini. Hatua ya pili nayo huganda, kwa sababu pumzi yako ina unyevu. Zenye bomba la hewa la chuma ndani zinapata joto kutoka kwenye maji na kutoka kwenye pumzi yako kuliko za plastiki tupu. Na tabia zako zina uzito kuliko kifaa: usiijaribu regulata kwa kuvuta pumzi ukiwa juu kwenye hewa ya baridi kali, ijaribu ikiwa ndani ya maji, usibonyeze kitufe cha kupuliza kwa muda mrefu, usijaze jaketi (la kuelea, linalojazwa hewa ya mtungi) wakati ule ule unaovuta pumzi. Mtungi uliojaa ndio wenye hatari kubwa zaidi, maana tofauti ya presha ni kubwa, kwa hiyo dakika za mwanzo nenda taratibu.

---

meno_saba

Kuhusu DIN na klampu, fupi tu.

Chukua DIN kisha nunua adapta ya klampu. Kinyume chake ni shida: hatua ya kwanza ya klampu kuingia kwenye vali ya DIN inawezekana pale tu vali ile inapokubali kipachiko cha kati, na vali za bar 300 hazikikubali. Klampu mwisho wake ni bar 232. DIN ya bar 300 ina meno saba ya skrubu, ya bar 232 ina meno matano. Ya meno saba inaingia kwenye vali zote mbili. Ya matano haifiki chini kwenye vali ya 300, haizibi. Basi nunua ya meno saba.

Faida ya DIN siyo presha peke yake. Oringi yake imefungiwa ndani kabisa, haina pa kuchomokea. Kwenye klampu oringi inakaa usoni mwa vali ya mtungi, na mtungi ukigonga kitu klampu inaweza kusogea kidogo, oringi ikachungulia nje, ukasikia mlipuko nyuma ya kichwa. Ukitumia adapta unarudi kwenye udhaifu ule ule, kwa hiyo ikague oringi ya mtungi kila mara. Oringi ikiwa na ufa, imebonyea au imekauka, ibadilishe hapo hapo. Beba kumi mfukoni, hazina uzito.

Nitroksi 32: watengenezaji wengi huruhusu hadi asilimia 40 kwa regulata safi kama ilivyotoka kiwandani. Juu ya hapo inahitaji kusafishwa kwa ajili ya oksijeni, na grisi iwe ile inayokubali oksijeni, siyo silikoni. Hatua ya kwanza ya titani usiivushe asilimia 40 kabisa, titani inawaka kwenye oksijeni nyingi. Na Ulaya utakutana na mitungi ya nitroksi yenye mdomo wa M26, ambao haupokei DIN ya kawaida. Jua hilo kabla ya safari.

---

mgeni_wa_kina

Asanteni sana wakuu. Fundi, mafundi wawili ninaoweza kuwafikia wana vipuri vya hiyo pistoni (namba 1). Vya namba 2 inabidi viagizwe.

Nilimwomba muuzaji wa namba 1 aifunge kwenye mtungi na kuweka geji ya presha ya kati kwenye hosi ya jaketi. Majibu haya hapa:

Mtungi bar 200: ilianza 9.6, baada ya sekunde 10 ikawa 9.8, baada ya dakika moja 10.1, baada ya dakika tano 10.9.
Mtungi bar 50: ilianza 9.5.
Akibonyeza kitufe kidogo inashuka hadi 8.9, akiachia inarudi.

Chujio la mlangoni lina rangi ya kijani pembeni. Muuzaji anasema "hiyo ni kawaida". Ni kawaida?

---

fundi_vali

Siyo kawaida, ila siyo mwisho wa dunia pia. Vipimo vyako ni vizuri, tuvisome kimoja kimoja.

9.6 kwenye bar 200 na 9.5 kwenye bar 50: kusawazishwa kwake kunafanya kazi. Tofauti ya desimali moja ni safi kabisa.

Kushuka hadi 8.9 ukibonyeza kidogo na kurudi papo hapo: hewa inapita vizuri. Ingeshuka bar 2 au zaidi kwa mtiririko mdogo vile, ningeshuku chujio.

Tatizo ni ule upandaji. Presha ya kati inatakiwa iruke kidogo baada ya kuvuta pumzi, bar 0.1 hadi 0.3, kisha ijifunge na kusimama ndani ya sekunde chache. Yako haisimami, ndani ya dakika tano imepanda bar 1.3 na pengine ingeendelea. Maana yake kiti cha vali ya presha kubwa kinapitisha. Kwenye pistoni iliyosawazishwa, ukingo mwembamba wa shina la pistoni (unafanana na mdomo wa bomba ulionolewa) unakaa juu ya kipande cha plastiki ngumu. Plastiki inachimbika duara taratibu, na hilo ndilo kuchakaa kwa kawaida. Ikiwa ni plastiki tu, inakuja kwenye seti ya sevisi, inabadilishwa, kwisha. Ikiwa ni ule ukingo wa pistoni umepata mkwaruzo au kidonda cha kutu, seti haisaidii, unahitaji pistoni mpya, na bei inabadilika. Ukingo huo hukaguliwa kwa lenzi inayokuza mara 10 chini ya taa kali. Kucha ikikwama mahali, pistoni hiyo imekwisha.

Na kwa sasa kitu kitakachoonekana kwa nje ni hatua ya pili kuanza kunong'ona "sss" dakika kadhaa baada ya kufungua mtungi, hata kama hakuna anayeigusa. Wauzaji wanajua kuizima sauti hiyo kwa kukaza springi ya hatua ya pili. Inanyamaza, lakini sasa kuvuta pumzi kunakuwa kugumu na ugonjwa uko pale pale. Hatua ya pili ikivuja usikubali irekebishwe kabla presha ya kati haijapimwa.

Rangi ya chujio inasema historia. Kijani ni maji ya chumvi yaliyoingia mlangoni, mara nyingi kwa sababu kifuniko cha vumbi kilifungwa kikiwa na maji au hakikufungwa kabisa wakati wa kuosha. Kahawia ya kutu ni mtungi wa chuma ulioshika kutu ndani. Nyeusi ni mafuta au mkaa wa kompresa, na hapo unapaswa kuuliza umejaza hewa wapi, maana ile hewa uliivuta pia. Kijani chako kinamaanisha ndani kuna uwezekano wa kutu ya shaba kwenye matundu na kwenye mifereji ya oringi. Kromu ikishabanduka kwenye mfereji, oringi mpya itavuja vile vile.

Kwa hiyo: mwambie muuzaji ifunguliwe na fundi kabla hujalipa. Isafishwe kwa mashine ya mawimbi ya sauti, ikaguliwe ukingo wa pistoni na mifereji. Vyote vikiwa safi, jumlisha seti mbili (moja ya hatua ya kwanza, moja ya pili, na ya tatu kama kuna oktopasi) na kazi ya fundi, uweke juu ya bei anayotaka. Hapo ndipo utajua kama kweli ni rahisi. Mara nyingi "rahisi" inayeyuka.

Baada ya sevisi pima tena. Kiti kipya hujikandamiza kidogo mwanzoni, kwa hiyo fundi anatakiwa abonyeze kitufe mara 30 au 50 halafu arekebishe presha ya kati, kisha aiache saa kadhaa na kuisoma upya. Akikupa baada ya kuisoma mara moja tu, irudishe mezani kwake.

---

kiwambo_kizima

Hata ikitengenezwa ikawa kama mpya, bado ni pistoni ya wazi na ziwa lako bado ni nyuzi 7. Baadhi ya pistoni zina kinga ya barafu na zimepita jaribio la baridi, kwa hiyo soma alama kwanza, usiihukumu kwa kuwa ni pistoni tu. Ila kama ina ile ">10 °C", namba 1 ni ya bahari peke yake.

---

hosi_na_oringi

Ngoja niongeze upande wa mdomoni, maana watu wanatumia nguvu zote kwenye hatua ya kwanza.

Unaweza kupima ugumu wa kuvuta kwa bakuli la maji na rula. Fungua mtungi. Kama kuna leva ya kabla ya kuzamia, iweke kwenye alama ya kutoa (−). Kama kuna kirungu cha kurekebisha ugumu, kilegeze chote. Shika hatua ya pili mdomo ukitazama juu, kitufe kikitazama chini, uizamishe polepole sana bila maji kuingia mdomoni. Mara utakaposikia hewa inaanza kutoka, simama: pima kutoka uso wa maji hadi kilipo kiwambo nyuma ya kitufe. Sentimita 2.5 hadi 4 ni nzuri. Chini ya 2 ni nyepesi mno, itamwaga hewa ukiruka majini au ukitazama mkondo. Zaidi ya 5 utachoka. Oktopasi iwekwe ngumu kidogo kuliko ya kwako, 4 hadi 5, kwa sababu inaning'inia bila mtu.

Jaribio la pili ni la utupu. Funga mtungi, toa hewa yote kwenye hosi kwa kubonyeza kitufe, achia kitufe, kisha nyonya taratibu. Unatakiwa upate ukinzani unaodumu, mdomo ukishikwa. Ikipenya hewa, tafuta: kipande cha mdomoni kimechanika chini ya tai ya plastiki (hapo ndipo hujificha), vali ya kutolea pumzi imekunjika au ina chembe ya mchanga, au kiwambo kina tundu. Dosari hizi huonekana majini kama tone la maji katika kila pumzi, na watu huzivumilia miaka wakidhani ndivyo regulata ilivyo.

Oktopasi usinunue ya dhaifu kwa kuwa "si ya kwangu". Atakayeitumia atakuwa anahema kuliko wewe. Mita 30 ni bar 4. Watu wawili wenye hofu, lita 50 kwa dakika kila mmoja, ni lita 400 kwa dakika kutoka mtungi mmoja. Mtungi wa lita 12 wenye bar 100 una lita 1,200. Dakika tatu. Kwenye Ulaya alama ya EN 250A maana yake seti ilijaribiwa kwa watu wawili kuvuta pamoja.

Ukichanganya hatua ya kwanza ya kampuni moja na ya pili ya nyingine, inakubalika ikiwa presha ya kati inalingana na inayotakiwa na hatua ya pili. Fundi aseme hivyo, siyo muuzaji.

Hosi: vuta nyuma zile kinga za plastiki karibu na hatua ya kwanza, uzikague chini yake, ndipo zinapopasuka. Zile zilizosukwa kwa nailoni zinapinda vizuri, lakini baadhi ya zile zenye utando wa ndani wa poliyurethani zimewahi kuoza kwa ndani, zikajenga fuwele zinazoziba hewa, huku nje zinang'aa. Joto na unyevu huharakisha. Hosi ya nailoni yenye miaka mingi isiyojulikana, itupe. Ukibadilisha hosi, kaza kwa mkono kisha spana kidogo tu, nyutoni-mita 4 hadi 5. Oringi ndiyo inayoziba, si nguvu zako. Upande wa hatua ya pili tumia spana mbili, moja ishikilie, la sivyo utazungusha bomba la ndani na kuharibu marekebisho.

Jambo moja linalowashangaza wengi: hosi ya geji, yenye bar 200, ikipasuka inapoteza hewa polepole kuliko hosi ya jaketi yenye bar 10. Ile ya geji ina tundu dogo kama la sindano kwenye mlango wake kwa makusudi. Ya jaketi iko wazi.

---

mgeni_wa_kina

Nimeelewa. Muuzaji wa namba 1 amekataa ifunguliwe kabla ya malipo, kwa hiyo nimeachana naye. Nakwenda na namba 2 ikiwa vipuri vinaagizika. Nimeitazama, haina alama ya ">10 °C", na ina EN 250A.

La mwisho: sevisi kila mwaka ni lazima kweli, au ni biashara ya mafundi? Na kuosha kunafanyikaje bila kupata ile kijani?

---

fundi_vali

Umefanya vizuri kumwacha. Kabla ya kulipa namba 2, agiza seti moja ya sevisi sambamba na regulata yenyewe. Ikishindikana kupatikana leo ikiwa mpya, baada ya miaka miwili haitapatikana pia.

Sevisi: fuata kitabu cha kampuni yako. Zipo zinazotaka mwaka mmoja, zipo zinazotaka miaka miwili au mbizi 100, linalotangulia, na ukaguzi katikati. Kwa maoni yangu ukaguzi wa kila mwaka (presha ya kati, bakuli la maji, utupu, chujio) ni muhimu kuliko kufungua kila mwaka. Regulata nyingi huanza kusumbua wiki ya kwanza baada ya sevisi kuliko wiki ya mwisho kabla yake, kwa hiyo usiichukue kwa fundi leo ukasafiri nayo kesho. Izamishe kwanza kina kifupi. Na dai ubaki na vipuri vya zamani na namba za presha zilizoandikwa kwenye karatasi.

Kuosha: ukiweza, iache imefungwa mtungini, mtungi wazi, uichovye yote kwenye maji baridi yasiyo na chumvi. Presha ya ndani inazuia maji kuingia. Usipoweza, futa kifuniko cha vumbi kwa kitambaa kikavu, kifunge, loweka nusu saa, kisha pitisha maji ya bomba taratibu kwenye mdomo na kwenye matundu ya kutolea pumzi. Kitufe usikiguse. Ukikibonyeza hosi ikiwa haina presha, unafungua vali, maji yanapanda na hosi hadi hatua ya kwanza. Kijani huanza hapo pia, siyo kwenye kifuniko tu. Kwa ile yako iliyozibwa, chungulia pia kiwambo cha nje: kikibonyea au kikivimba isivyo kawaida, mpelekee fundi kabla hujazamia nayo tena.

---

meno_saba

Na kifuniko chenyewe usikikaushe kwa kupuliza hewa ya mtungi huku umekielekeza kwenye mlango wa regulata. Tone linaruka moja kwa moja kwenye chujio. Geuza mlango chini, au tumia tu fulana yako.